Rambirambi Ilitangulia Malipo Yake

Nilikuwa katibu wa msiba. Siku tatu nilikaa chini ya turubai kule Igoma, Mwanza, daftari mapajani, nikiandika majina na fedha: huyu elfu tano, huyu elfu kumi, huyu laki moja kwa niaba ya ofisi, huyu gunia la mkaa na debe la mahindi. Kila jioni mwenyekiti wa kamati alisimama, watu wakanyamaza, nami nikasoma yote kwa sauti, jina kwa jina. Aliyeahidi na hajatoa naye nilimsoma. Kufikia siku ya kuzika tulikuwa tumekusanya shilingi 1,400,000 na ushee, na hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi, kwa sababu kila mtu alisikia zilivyoingia na zilivyotoka.

Marehemu alikuwa mwandishi. Kwa miaka tisa alipeleka habari za Kanda ya Ziwa kwa chombo kimoja cha habari cha Dar es Salaam kama korespondenti, yaani mwandishi anayelipwa kwa kila habari, na usiku aliandika kwenye blogu yake mwenyewe. Aliandika bei ya nyavu, kesi za mahakama za mwanzo, ugomvi wa mipaka ya viwanja Buhongwa, na wazee wanaokumbuka vilima vya mji huu viliitwaje kabla ya kujaa nyumba. Sitamtaja jina. Mjane wake ameniomba hivyo, na watoto bado wako shule.

Siku ya nne, turubai limeshashushwa, shemeji, yule mjane, aliniita ndani akanipa daftari jingine. Lilikuwa dogo, limepinda katikati kwa kukaliwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kila habari aliyotuma marehemu ameiandika humo: tarehe, kichwa cha habari, siku iliyotoka, na pembeni alama ya vema ikishalipwa. Ukurasa wa mwisho una habari 11, zote zimetoka. Vema hakuna hata moja. Kwa elfu kumi kila habari, deni lote ni shilingi 110,000.

"Shemeji," akaniambia, "hizi ndizo alizokuwa anazisubiri akafanye kile kipimo cha hospitali."

Tangu siku hiyo madaftari hayo mawili hayanitoki kichwani. Watu wengi walioandikwa katika lile la kwanza ni waandishi, wapiga picha, watangazaji na wenye blogu wa hapa Mwanza, na baadhi yao wenyewe wanadai malipo ya miezi mitatu. Walitoa hivyo hivyo. Kwa hiyo siamini wanaosema kwamba tasnia yetu haina upendo au haina umoja. Umoja tunao, na unafanya kazi ndani ya saa 24 mtu akifa. Tofauti ya madaftari haya ni moja: la msiba husomwa mbele za watu, la ujira hukaa mfuko wa nyuma.

Fikiria namna habari inavyolipwa. Korespondenti anapatana bei peke yake, kwa simu, na mhariri ambaye mara nyingi hata hana mamlaka ya fedha. Anaambiwa mwezi huu mambo magumu, vumilia. Anavumilia. Hajui mwenzake wa Shinyanga analipwa ngapi, wala wa Bukoba, wala yule aliyekaa naye kiti kimoja kwenye mkutano asubuhi ile. Mwaka fulani tulikwenda watatu kufuatilia mgogoro mmoja wa ardhi Ilemela. Tulirudi kwa daladala moja, na ule mwendo wa jua kali ukatufungua midomo. Kwa habari ile ile mmoja angepata elfu saba, mwingine elfu kumi, wa tatu elfu ishirini. Aliyekuwa na elfu saba alikuwa amesoma kuliko sisi na ndiye aliyetupa namba za wahusika wote. Hakusema neno mpaka Mabatini. Alipokuwa anashuka aliniomba nisimwambie mtu.

Nisimwambie mtu. Aliona aibu yeye aliyepunjwa. Msibani aibu humpata asiyetoa. Kwenye ujira imehamia kwa asiyepewa, na mlipaji analala usingizi.

Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi uone biashara isiyo na aibu hiyo. Dagaa wanashuka, bei inatajwa, na inatajwa kwa sauti. Mnunuzi aliyetoka Burundi au Kongo anaisikia, mama mwenye beseni anaisikia, mbebaji anaisikia. Kijana anayebeba gunia kutoka kwenye boti hadi kwenye lori analipwa kabla lori halijawasha moto, na anajua mwenzake kalipwa ngapi kwa sababu alikuwa nyuma yake. Wavuvi waliokesha na taa majini wanajua mzigo umeuzwaje, maana wamesimama pale pale, na mwenye chombo akitaka kuwaficha itabidi kwanza auhamishe mwalo. Sisemi wavuvi hawadhulumiwi. Wanadhulumiwa, na habari zao tumeziandika. Ila huwezi kumpunja mtu kimya kimya mahali ambapo bei inatamkwa.

Sisi tunaoziandika hizo bei za dagaa hatujui bei ya habari yenyewe ya dagaa.

Pwani hii ya ziwa ina mfano mkubwa wa mwandishi aliyecheleweshewa haki yake. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya watu wake, akihifadhi humo jinsi walivyolima, walivyooana, walivyotibiana na walivyozikana. Hakupatikana wa kuichapa kwa lugha hiyo. Miaka ikapita, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, kazi nzima mara ya pili. Kiswahili hicho kilichapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka uliofuata, kabla hajakishika kitabu chake mkononi.

Miaka 35. Leo anasomeshwa vyuo vikuu, anatajwa kwenye makongamano, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunamtaja kwa fahari kila tunapotaka kuonyesha kwamba huku nako kuna waandishi. Fahari hiyo ni ya haki. Lakini nikipanda meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, huwa namfikiria yule mzee akisubiri posta, na najua kwamba heshima yote tunayompa sasa haiwezi kwenda na meli ile ikamkuta. Euphrase Kezilahabi, mwana mwingine wa Ukerewe, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kutuaga Januari 2020, yeye aliziona kazi zake zikisomwa na vizazi vya wanafunzi. Hata hivyo nimeingia stationeri zaidi ya moja mjini hapa nikakuta riwaya za mitihani zimetolewa fotokopi na kubanwa pini, zinauzwa hadharani. Kila nakala ya namna hiyo ni fedha isiyofika kwa mwandishi au kwa warithi wake.

Na warithi wanayo haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ina maana kazi ya Kitereza bado ina wenyewe mpaka 2031. Ina maana pia kwamba picha na makala za yule mwenzetu wa Igoma ni mali ya watoto wake kwa nusu karne ijayo, isipokuwa zile ambazo mkataba unasema vinginevyo, na mkataba hakuwa nao. Nimekuta picha yake moja, ile ya kivuko kikiingia Kamanga wakati mvua inakuja, kwenye kurasa nne tofauti mtandaoni. Jina lake halipo hata kwenye moja. Mmoja wa wenye kurasa hizo alikuwa msibani, alitoa elfu ishirini, na nilimwandika mimi.

Sisemi hili nikiwa nimekaa pembeni na mikono safi. Nami nimewahi kuchukua picha ya mtu nikaandika "picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao hauna hisani. Kuna mtu alilipa nauli, akalowa, akasubiri mwanga. Baada ya kuliona daftari la mfuko wa nyuma nilirudi kwenye kazi zangu za zamani, nikatafuta wenye picha mmoja mmoja. Wawili nimewapata, nimewaandika majina na kuwalipa. Wengine bado natafuta.

Tarehe 11 Januari 2022 iko karibu nasi zaidi. Siku hiyo gari lililobeba waandishi wa habari katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza kwenda Ukerewe liligongana na gari la abiria wilayani Busega. Anayekwenda Ukerewe kwa barabara hupita Magu, huvuka Busega ambayo ni Simiyu, hufika Bunda, kisha hukata kwenda Kisorya kukamata kivuko. Ni njia tuliyoipita wote. Waandishi na maofisa habari tuliowajua walikufa pale, pamoja na abiria waliokuwa na safari zao. Mji wote ulilia. Misaada ilitoka serikalini, kwenye vyombo vya habari, kwa wasomaji. Tulizika kwa heshima kubwa, na familia hazitasahau.

Ajali ile ilipaswa kutufundisha kuuliza, kila tunapopanda gari la msafara, nani amelipia siti ile na nani amemkatia bima aliyeikalia. Korespondenti wengi hawana nauli ya kazi. Chombo kinataka habari ya Ukerewe lakini hakitoi hela ya kufika Ukerewe, kwa hiyo mwandishi anapanda gari la mwenye habari, anakula chakula cha mwenye habari, na jioni anapokea bahasha ya mwenye habari. Tunaiita nauli, posho, mshiko, na tunajua majina yote hayo yanaficha nini. Anayekulipa ndiye mhariri wako wa kwanza. Msomaji akiuliza kwa nini habari za wilaya fulani hazina hata mstari mmoja wa mwananchi anayelalamika, jibu liko kwenye bahasha. Wahubiri wa maadili hutushambulia sisi tunaopokea, na si uongo kwamba tunapokea. Lakini mtu anayedai elfu kumi tangu mwezi wa tatu, ukimpa elfu thelathini leo mchana, umeshamwambia mwajiri wake halisi ni nani.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwenye chombo cha habari awawekee wafanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii. Ilipopita tuliambiwa hilo ndilo tunda lake tamu. Kwa waajiriwa wachache ni kweli. Kwa korespondenti mlango unafungwa na neno "mfanyakazi". Anatuma habari kila siku miaka tisa, jina lake linasomwa nchi nzima, anaitwa "mwandishi wetu, Mwanza", na siku ya kuumwa anaambiwa yeye ni wa kujitegemea. Azory Gwanda naye alikuwa wa kujitegemea, akiandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, mkoani Pwani, alipotoweka Novemba 2017. Hatari za kazi hii haziulizi kitambulisho cha ajira. Daudi Mwangosi, mwandishi aliyeuawa Nyololo, mkoani Iringa, tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini, ana tuzo yenye jina lake iliyoanzishwa na Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari, chombo ambacho kwa miaka mingi makao yake yalikuwa hapa hapa Mwanza. Tuzo ile ni jambo jema, na ningependa idumu.

Wenye blogu watasema hawana mwajiri wa kumdai. Kweli, na ndiyo maana hali yao naiona ngumu zaidi. Siku za Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, na Issa Michuzi alipoanza mwaka 2005, kublogu kulikuwa uwanja mpana: unahitaji kompyuta ya kukodi kwa saa na jambo la kusema. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilibadilisha hesabu hiyo. Shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni ya kuanzia, 1,000,000 ya kila mwaka. Jumla 2,100,000 kabla hujaandika herufi moja, na atakayekiuka adhabu yake ilikuwa faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua mwaka mmoja au vyote. Juni ile hata JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, ilisimama kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa, lakini wengi waliofunga hawakurudi. Waliobaki walihitaji fedha ya leseni, na fedha ya leseni mara nyingi ilitoka kwa mtu mwenye shida ya kusifiwa. Matangazo ya Google hayatumi chochote mpaka ufikishe dola 100, na blogu ya habari za Sengerema inaweza kutambaa mwaka mzima bila kufika hapo. Matokeo yake tunayaona: kurasa nyingi zimegeuka mbao za matangazo ya viongozi, na zilizokataa zimekufa moja moja bila hata msiba.

Blogu ya mwenzetu nayo ilikufa. Alikuwa na anuani ya .co.tz inayolipiwa kila mwaka. Mwaka ulipoisha hakuna aliyejua, na aliyejua hakuwa na nywila. Miaka tisa ya mialo na vilima ikatoweka siku moja. Mimi ninayo baadhi kwa sababu nilikuwa nimezitoa kwenye karatasi nimsomee mama yangu, ambaye kwao ni huko huko alikoandika habari zake. Google ina utaratibu wa kumteua mtu atakayefikia akaunti yako ukikaa kimya miezi kadhaa, na kuuweka ni kazi ya dakika kumi. Kila mwandishi anayesoma hapa aufanye leo, na amwambie mke, mume au mtoto anuani yake inalipiwa wapi na lini.

Kuhusu zile 110,000, nilimwandikia mhariri. Alinijibu kwa heshima, na naamini ameumia kweli. Alisema mfumo wa malipo unamtambua marehemu peke yake, kwa hiyo familia ilete barua ya msimamizi wa mirathi. Barua hiyo hutolewa na mahakama, na kabla ya mahakama kuna kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa. Wazee wa ukoo wako Misungwi na Magu. Nauli zao, chakula cha kikao, safari za mahakamani: shemeji alipiga hesabu mbele yangu, na kabla hajamaliza alikuwa ameshapita laki na kumi. Amekwenda hivyo hivyo. Anasema jasho la mume wake haliachi.

Najua jibu la wamiliki: gazeti haliuziki tena, matangazo yamehamia kwenye simu, serikali nayo huchelewa kuwalipa. Ni kweli yote. Lakini mwenye karatasi analipwa, mwenye umeme analipwa, na wakichelewa mitambo inazimika. Sisi tunachelewa na habari inaendelea kutoka, ndiyo sababu tunawekwa mwisho wa foleni. Najua pia baadhi yetu wenye blogu zilizoinuka tunatumia vijana waliohitimu Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Nyegezi, tunawaambia wajitolee kwanza wapate uzoefu. Uzoefu haununui bando. Kijana anayeandika na kupiga picha kwa ajili yako tangu Januari amekwisha kuwa mfanyakazi wako, hata ukimwita mdogo wangu.

Kwa hiyo nilichopendekeza kwenye kundi letu ni kidogo, na wengine wamekiona kidogo mno. Tuanze daftari. Kila mwezi kila mtu aandike amelipwa na nani, kiasi gani kwa habari au picha, na baada ya siku ngapi. Lisomwe kwa sauti tunapokutana, kama la msiba, na anayedaiwa asomwe pia. Hatuhitaji kibali kutaja bei ya jasho letu wenyewe. Bei ikishajulikana ndipo tutaweza kukubaliana kiwango ambacho hakuna atakayekwenda chini yake, na ndipo ile rambirambi tunayoichanga kwa haraka msibani tutaanza kuiweka mapema kwa anayeumwa na anayesubiri kipimo. Kuna waliosema tutafukuzwa kazi. Inawezekana. Mmoja alisema ni aibu kuanika mambo ya ndani, nikamkumbusha kwamba msibani Igoma aliomba nirudie kusoma jina lake kwa sababu watu wa nyuma hawakusikia.

Tulikutana Jumamosi, watu kumi na watatu, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi. Nilikuwa nimenunua kaunta buku jipya na kulipiga mistari. Nikaanza mimi: chombo, habari sita, elfu kumi na tano, siku 74. Nikalisoma, nikampa aliyekaa kushoto kwangu, yule wa daladala ya Ilemela. Alilishika muda mrefu. Akauliza kama ni lazima kuandika na jina la chombo.

Tukamwambia ndiyo. Akaomba kalamu.